Kuchagua barakoa ya kupigia grenda nyumbani

Cheche unazoziona zikiruka kwenye diski haziendi mapafuni. Ni vipande vizito vinavyoanguka mara moja, na ubaya wake ni kuchoma ngozi, nguo au jicho. Kinachofika mapafuni ni vumbi ambalo jicho halilioni, chembe za mikroni 4 kushuka chini, wakati unywele mmoja wa kichwani una unene wa mikroni 70 hivi. Chembe hizo haziharakishi kuanguka. Ndani ya chumba kilichofungwa huelea kwa saa nyingi, hata baada ya kuzima grenda, kuvua miwani na kukaa pale pale kunywa chai.

Kamasi nyeusi unazopenga jioni ni zile chembe kubwa zilizonaswa puani. Mafundi wengi huziona wakaridhika kwamba pua imefanya kazi yake. Imefanya, kwa vumbi kubwa. Lile dogo lilipita zamani.

Na maziwa tuyamalize hapa hapa. Kwenye karakana nyingi za kuchomelea Afrika Mashariki, pakiti ya maziwa ya jioni huhesabiwa kuwa dawa ya vumbi, eti "yanasafisha kifua". Maziwa yanakwenda tumboni kwa njia ya chakula. Njia ya hewa ni nyingine kabisa. Kunywa kwa sababu unayapenda, lakini usiyaweke kwenye hesabu ya kinga.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye grenda yake uani au kwenye chumba cha nje: anayeunga mageti na grili, anayetengeneza vitanda na majiko, au anayekarabati vitu vyake Jumamosi. Kiwandani kunaweza kufika mkaguzi. Uani kwako hafiki mtu, kwa hiyo uchaguzi wote ni wako.

Hatua ya 1: Jua unasaga nini

Watu wengi huanzia dukani, wakauliza barakoa ipi ni nzuri. Jibu haliko dukani. Liko kwenye chuma ulichokishika, na zaidi kwenye kilichopakwa juu ya chuma hicho.

Chuma cha kawaida kisicho na rangi, yaani skwea paipu, flati baa, pembe na nondo, hutoa vumbi la chuma pamoja na vumbi la diski yenyewe, maana diski nayo inalika: chembe ngumu za kusagia, gundi iliyozishika na nyuzi za kuimarishia. Vumbi la chuma likijikusanya mapafuni kwa miaka huonekana kwenye eksirei kama madoa. Halina sumu kali kama metali nyingine nitakazozitaja, ila halifai kuzoewa. Kikohozi kisichokwisha cha mafundi wa siku nyingi kina chanzo chake.

Chuma chenye rangi ya zamani ndicho ninachokiogopa kuliko vyote nyumbani. Geti la miaka mingi linaletwa, mwenye nalo anataka lipakwe upya, na kijana anaambiwa alisafishe kwa grenda na brashi ya waya. Rangi za zamani za kuzuia kutu, hasa zile nyekundu zinazoelekea machungwa, mara nyingi zilikuwa na madini ya risasi. Kwa macho huwezi kuzitofautisha na praima nyekundu ya kawaida inayotokana na kutu ya chuma, ambayo haina risasi. Shirika la Afya Duniani linashauri rangi isizidi risasi sehemu 90 kwa milioni; rangi za kale zilikuwa na mara nyingi zaidi ya hapo. Risasi huingia kwa pumzi na kwa mdomo, huharibu ubongo wa mtoto, na vumbi lake halibaki karakanani: linaingia ndani na viatu. Kama hujui umri wa rangi, ichukulie kuwa ina risasi. Usiisage kavu. Ilainishe kwa dawa ya kutolea rangi au ikwangue ikiwa imelowa, kisha kusanya mabaki kwenye mfuko.

Mabomba na mabati ya galvanaizi yana zinki. Ukisaga kwa upole unapata vumbi. Ukiyapasha moto hadi zinki ifuke moshi mweupe, hasa unapochomelea bila kuiondoa kwanza, unapata homa. Inakuja saa kadhaa baadaye, mara nyingi usiku: baridi, kutetemeka, kiu, mwili kuuma na ladha ya chuma mdomoni. Huisha ndani ya siku moja au mbili. Kwetu fundi wa namna hiyo huambiwa ana malaria na humeza dawa bila kupimwa. Ukipimwa ukakutwa huna, kumbuka ulichokuwa unakikata mchana.

Stenlesi ina kromiamu isiyopungua asilimia 10.5, na ile inayotumika sana kwenye reli za ngazi na masinki ina kromiamu asilimia 18 hivi pamoja na nikeli. Kusaga peke yake si kubaya kama kuchomelea, ambako kromiamu hugeuka kuwa aina inayosababisha saratani, lakini nani anasaga stenlesi ambayo haijachomelewa? Mshono unaoulainisha umebeba yote mawili. Mwaka 2017 wataalamu wa wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani, ulio chini ya Shirika la Afya Duniani, waliuweka moshi wa kuchomelea kwenye kundi la kwanza, la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Hawakutenga stenlesi; walisema moshi wa kuchomelea, basi.

Vipo ambavyo havifai kabisa kuguswa na grenda nyumbani. Meno ya misumeno ya kabaidi yana kobalti inayoharibu mapafu. Shaba iliyochanganywa na beriliamu, inayotumika kwenye baadhi ya springi na vifaa visivyotoa cheche, huacha ugonjwa wa kudumu hata kwa vumbi kidogo. Boliti zenye mng'ao wa manjano ya dhahabu zinaweza kuwa zimepakwa kadimiamu. Na bati la asbesto lisikatwe kwa grenda hata kipande cha shubiri.

Mwisho, grenda hiyo hiyo hukata vigae na zege. Hapo adui ni silika, madini yaliyomo kwenye mchanga. Makovu yake mapafuni hayaponi, na mwenye makovu hayo hupata kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Wachimbaji wa migodini wanalijua hilo kwa uchungu. Kigae kata kwa maji.

Hatua ya 2: Punguza vumbi kabla ya kulichuja

Barakoa ni kinga ya mwisho. Kama kazi inaweza kufanywa kwa msumeno wa chuma au tupa, ifanye hivyo. Vipande vikubwa vya tupa haviwezi kuvutwa hadi ndani ya mapafu. Toka nje. Simama upepo ukikupitia ubavuni. Wengi huupa upepo mgongo wakidhani unasukuma vumbi mbali, kumbe mwili hukata upepo na hewa huzunguka mbele ya kifua, ikalirudisha vumbi usoni. Angalia pia linakoelekea: nguo za jirani zilizoanikwa, dirisha la jikoni, watoto.

Hatua ya 3: Soma maandishi, usisome sura

Kitambaa, leso, na zile barakoa za kitambaa zilizobaki tangu wakati wa korona hazichuji chembe hizi. Barakoa ya hospitali ya rangi ya bluu nayo ipo wazi mashavuni. Ile nyeupe nyepesi yenye kamba moja ya mpira, isiyo na maandishi yoyote, ni ya kuzuia vumbi la kufagia.

Zinazofaa zina alama. Za mfumo wa Ulaya huandikwa FFP1, FFP2 au FFP3: chujio la kwanza huzuia asilimia 80 ya chembe za majaribio, la pili 94, la tatu 99. FFP1 iache kwa kazi ya chuma. Iliyo halali huwa na namba ya kiwango EN 149 na alama ya CE inayofuatwa na tarakimu nne. Za Marekani huandikwa N95, R95, P100 na kadhalika: namba ni asilimia ya kuchuja, 100 ikiwa na maana ya 99.97, na herufi inahusu mafuta. N haistahimili ukungu wa mafuta, R inastahimili kwa muda, P inastahimili. Ukisaga kitu kilicholowa mafuta ya injini au ya kukatia, epuka N. Halali ya Marekani huwa na neno NIOSH (taasisi ya huko inayothibitisha barakoa) lililoandikwa sawasawa na namba inayoanza na TC-84A.

KN95 ni kiwango cha China, na karatasini huchuja sawa na N95. Tatizo lake ni kamba za masikioni, ambazo mara nyingi haziwezi kuibana barakoa usoni inavyotakiwa. Tatizo la pili ni bandia, na hapa Kariakoo na River Road hazina tofauti. Muuzaji atakwambia "kaka, hii orijino". Mwombe boksi, tafuta namba ya kiwango na tarehe ya mwisho wa matumizi. Ikiwa imeandikwa N95 huku ina kamba za masikio na haina TC-84A popote, mrudishie kwa heshima.

Valvu ndogo ya kutolea pumzi ni jambo jema kwa hali ya hewa yetu. Haiongezi kinga yako, ila joto na unyevu hupungua, na barakoa isiyokera ndiyo itakayobaki usoni hadi mwisho wa kazi.

Juu ya hizo kuna barakoa ya mpira inayofunika pua, mdomo na kidevu, yenye filta mbili za kubadilisha. Filta ya vumbi ya Ulaya ni P3, yenye alama nyeupe. Ya Marekani ni P100, ya rangi ya zambarau inayokaribia waridi. Hii ndiyo ninayomshauri kila mtu anayepiga grenda zaidi ya mara chache kwa mwaka. Sababu si namba ya filta. Tofauti kati ya asilimia 95 na 99.97 inatisha ukiisoma kwenye boksi, lakini mwanya mwembamba pembeni ya pua hupitisha vumbi kuliko tofauti hiyo yote. Waingereza huihesabu FFP3 na barakoa ya mpira yenye P3 kuwa sawa: vumbi la ndani liwe sehemu moja ya ishirini ya lile la nje. Wamarekani ni wagumu zaidi. N95 na barakoa hiyo ya mpira yenye P100 zote huzipa sehemu moja ya kumi, kwa sababu wanajua kinachoamua ni uso wa mtu. Mpira hushika ngozi leo, kesho na mwezi ujao. Ya karatasi, yaani FFP au N95, hulegea ikilowa jasho, kamba zake huchoka, nawe hununua nyingine na nyingine hadi umezidi bei ya ile ya mpira.

Kwa hiyo, chuma cha kawaida kisicho na rangi, nje, mara moja moja: FFP2 au N95 yenye kamba mbili za kichwani inatosha. Stenlesi, galvanaizi, kazi ya ndani ya chumba, au kazi ya kila wiki: ya mpira na P3 au P100. Rangi ya zamani: ya mpira na P3, na bado usisage kavu.

Filta ya vumbi haizuii mvuke wa tina (kiyeyusho cha rangi) wala wa rangi ya kupuliza. Kwa kazi hiyo ipo filta ya gesi, ya Ulaya ikiwa na mstari wa kahawia na herufi A, ya Marekani ikiwa nyeusi. Zinazounganisha vyote viwili huandikwa mfano A2P3, nazo zinafaa kwa fundi anayesaga asubuhi na kupuliza rangi mchana. Filta ya gesi pekee haizuii vumbi. Na ndani ya tangi au shimo, barakoa yoyote ya kuchuja haifai, maana haitengenezi oksijeni pale isipokuwepo.

Hatua ya 4: Ijaribu usoni pako

Barakoa iliyomkaa ndugu yako vizuri inaweza kukuvujia wewe. Za mpira huwa na saizi ndogo, ya kati na kubwa. Ukiona duka lina moja tu, endelea na safari.

Vaa kamba ya juu utosini na ya chini shingoni, chini ya masikio. Zote mbili. Wapo wanaoiacha ya chini ikining'inia kidevuni, na hapo barakoa imekuwa pambo. Kwa ile ya karatasi, kandamiza waya wa puani kwa vidole vya mikono yote miwili, ukitokea katikati kwenda pembeni. Ukiubana kwa mkono mmoja unakunjika kama paa la nyumba na kuacha nafasi juu ya pua.

Kisha pima. Kwa ya mpira, ziba filta zote kwa viganja, vuta pumzi taratibu na uishikilie kwa sekunde kumi: mpira unyonywe usoni na ubaki hivyo. Ziba valvu ya kutolea, puliza kidogo: uvimbe bila hewa kutoka pembeni. Kwa ya karatasi, ifunike kwa mikono, puliza na kuvuta kwa nguvu kiasi, usikilizie hewa machoni na mashavuni. Miwani ikipata ukungu, juu ya pua kuna mwanya. Rudia kila unapovaa, si siku ya kununua tu.

Ndevu. Hata za siku mbili huinua ukingo wa barakoa na kufungua vijia. Masharubu yanayobaki ndani ya barakoa hayana neno. Mwenye kufuga ndevu kwa dini au kwa hiari, barakoa yoyote ya kubana haitamkinga, hata iwe ya bei gani. Chake ni kofia yenye feni ya betri inayosukuma hewa iliyochujwa hadi usoni, iliyolegea shingoni. Za Ulaya huandikwa TH2 au TH3. Ni ghali, na kwa mtu wa kazi za nyumbani mara nyingi haina hesabu. Basi akate kwa msumeno, afanyie kazi nje, na stenlesi aipeleke kwa fundi mwenye vifaa.

Mtandio au hijabu isipite kati ya ukingo wa barakoa na ngozi. Vivyo hivyo kamba za miwani.

Hatua ya 5: Cheche na filta

Filta nyingi ni nyuzi za plastiki. Cheche ikitua inatoboa, na tundu dogo kuliko kichwa cha pini limekwisha kuiharibu. Vaa ngao ya uso juu ya barakoa, na miwani ndani ya ngao. Ukinunua ya mpira, chagua yenye filta bapa zinazoelekea nyuma ya mashavu: zinakaa mbali na cheche na zinaingia chini ya helmeti ya kuchomelea. Yenye makopo yanayochomoza mbele itagongana na helmeti, na siku hiyo hiyo utaivua.

Hatua ya 6: Kutunza na kubadilisha

Filta za namna hii hunasa chembe kwa msaada wa umeme tuli uliomo kwenye nyuzi. Sabuni na spiriti huuondoa. Usizifue. Usizipulize kwa kompresa pia; unatoboa nyuzi na kulirudisha vumbi hewani.

Filta ya vumbi iliyojaa haianzi ghafla kupitisha vumbi. Inakuwa nzito kuvuta, na ikishakuwa nzito hewa hutafuta njia pembeni. Badilisha inapokuwa nzito, ikilowa, ikitobolewa au ikichafuka upande wa ndani. FFP yenye herufi NR ni ya siku moja ya kazi. Filta ya gesi ni tofauti: haikupi ishara ya kuwa nzito, na ukisikia harufu ya tina ndani ya barakoa umekwisha chelewa.

Ondoa filta, kisha osha mpira kwa maji vuguvugu na sabuni, ukaushe kivulini. Tazama vile vijitando vya valvu: kikikunjika au kikishikwa na chembe ya chuma, barakoa inavuta hewa chafu kwa kupitia hapo. Hifadhi kwenye kopo lenye kifuniko. Msumari wa ukutani karibu na meza ya kazi si mahali pake. Inajaa vumbi kwa ndani, halafu asubuhi unaivaa.

Ivue mwisho, ukiwa umetoka kwenye vumbi, baada ya kukung'uta nguo. Sakafu ya chuma cha kawaida inyunyizie maji kabla ya kufagia. Vumbi la alumini ni jambo jingine: linashika moto, likilowa hutoa haidrojeni, kwa hiyo likusanye kwa brashi laini, lisichanganyike na vumbi la chuma, na lisikae kwenye njia ya cheche. Nawa mikono na uso kabla ya kula. Nguo za grenda zisifuliwe na za watoto.

Kama una vijana wanaokusaidia kwa malipo, kinga yao ni juu yako. Sheria za usalama mahali pa kazi, ya Tanzania ya 2003 na ya Kenya ya 2007, zinamtaka mwajiri atoe vifaa hivyo, na haziangalii kama karakana iko uani. Kila mmoja awe na barakoa yake ya saizi yake.

Mwenye pumu au ugonjwa wa moyo amwone daktari kabla ya kuanza kuvaa, kwa sababu kuvuta pumzi kwenye filta ni kazi ya ziada. Kikohozi kikipita wiki mbili, nenda ukapimwe kifua kikuu kama mtu mwingine yeyote. Ukiwa huko, mwambie daktari unasaga nini, kwa miaka mingapi, ndani au nje. Madoa ya vumbi la chuma kwenye eksirei yanaweza kufanana na ya magonjwa mengine ya mapafu, na asipojua kazi yako anaweza kukuanzishia matibabu ya ugonjwa usiokuwa nao.